Mbona Inaimba?

Mtu aliyeahidi laki mbili kwenye kikao cha sendofu, akapunguza elfu thelathini, kisha akaanza kupita uchochoro wa nyuma ili asikutane na katibu, ana mtetezi mmoja tu hapa duniani, naye ni kirusi cha kompyuta. Nasema hivyo mimi katibu mwenyewe. Orodha ya ahadi za sendofu ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ilikuwa kwenye flashi ya kamati: jina, namba ya simu, ahadi, alichopunguza, salio, na wadaiwa sugu nimewapaka rangi nyekundu. Jumapili moja wajumbe wameshakaa barazani kwetu Kihonda, Morogoro, soda zimefunguliwa, mwenyekiti ameshasali sala ya kufungua kikao, nikachomeka flashi. Folda ya SENDOFU ilikuwepo, ila kwenye kona yake ya chini kulikuwa kumeota kamshale kadogo. Nikabonyeza. Kompyuta ikaniandikia kwa Kiingereza kwamba skripti inayotafutwa haionekani. Nikabonyeza tena, safari hii kwa nguvu, kana kwamba mausi ndiyo iliyokuwa mbishi. Jibu lile lile.

"Orodha imepotea," nikatangaza.

Sijawahi kuona watu wakipokea msiba kwa utulivu ule. Bwana mmoja, ambaye salio lake naweza kulitaja hata nikiamshwa usiku, alitikisa kichwa kwa majonzi, akasema teknolojia hii, jamani, halafu akaomba aongezewe soda. Mwingine, aliyeahidi laki mbili mbele ya kadamnasi huku akipigiwa vigelegele, alikumbuka kwamba aliahidi hamsini. Wa tatu alikuwa ameahidi kreti nne za soda. Sasa kumbukumbu yake ilimwambia kwamba aliahidi kuwahi kuja kupanga viti. Mhazini alikuwa na kaunta buku lake, lakini humo huandikwa hela zilizoingia tu. Ahadi, ambazo ndizo utajiri wenyewe wa kamati yoyote ya sherehe nchini, zilikuwa kwenye flashi. Mwenyekiti akafunga kikao kwa sala ndefu kuliko ya kufungulia, akiiombea kompyuta, na nilisikia "amina" moja tu yenye mashaka. Ilikuwa ya mhazini.

Kompyuta yenyewe ni Dell ya mezani, mtumba wa Kariakoo, inakaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma. Ni ya nyumbani, lakini wenye nyumba ni wengi. Mwanangu anafanyia kazi za shule. Mke wangu anatungia majaribio ya darasa la nne. Jirani anakuja kuchapa barua ya kuomba kazi, binti wa nyumba ya tatu anajaza maombi ya mkopo wa chuo, na mpangaji wa uani ana muvi zake zilizotiwa Kiswahili ambazo lazima zihamishwe usiku. Kila mmoja anakuja na flashi yake, na flashi yake imetoka steshenari, na steshenari imepokea flashi za wilaya nzima tangu asubuhi. Sasa mtu amebisha hodi, amekuamkia, amekuletea na mkungu wa ndizi kutoka Kinole. Utamwulizaje flashi yake ililala wapi jana?

Tukaibeba kompyuta kwenye bajaji, mimi na mke wangu, mpaka kwa fundi mmoja wa mjini. Alinisikiliza nusu ya maelezo. "Mzee, hiyo tunapiga Windows upya." Baadaye niligundua kwamba hiyo ndiyo tiba yake kwa kila kitu. Kibodi haiandiki herufi N, Windows upya. Printa haivuti karatasi, Windows upya. Ukimpelekea pasi ya umeme nadhani atauliza kwanza kama una bekapu. Akapiga Windows, akachukua elfu ishirini, akaongeza na antivairasi ambayo ufunguo wake aliutoa kwenye flashi yake mwenyewe. Hapo nilipata wasiwasi, maana hizo programu za kuvunjia kufuli za programu nyingine mara nyingi ndizo gari la kirusi kinachofuata. Alitaka kuifomati na flashi ya kamati, "tusafishe mzizi wote," mke wangu akaishika mkononi akamtazama mpaka akaacha.

Nyumbani kompyuta ilifunguka haraka hadi tukaogopa. Mke wangu akachomeka flashi yake ya majaribio. Kufika magharibi, kila kitu chenye jina kilikuwa na kamshale.

Ikaja zamu ya antivairasi ya kweli, ya kushusha kwenye intaneti kwa bando langu mwenyewe. Tukaiacha ipekue usiku kucha. Ilipekua faili moja moja kwa uangalifu wa karani wa mirathi, ikafika asilimia 97, mvua ikaanza mlimani, umeme ukakatika. Jirani mmoja, mtu mzima tunayemheshimu, akashauri flashi ianikwe juani. Hatukumbishia, tuliianika. Ilikauka vizuri sana.

Katika siku hizo za kusubiri umeme nilisoma kuhusu ukoo wa adui yangu, na nikaona wazi kwamba nimezaliwa zama mbaya. Vijana wawili wa Lahore, Pakistan, ndugu Basit na Amjad Farooq Alvi, walipotengeneza kirusi kilichoitwa Brain mwaka 1986, waliandika humo ndani majina yao, anwani yao na namba zao za simu. Ukiugua, unapiga simu kwa aliyekuambukiza. Ule ndio ulikuwa ustaarabu. Kenya nao waliwahi kusumbuliwa na kirusi cha flashi chenye jina la Raila Odinga, ambacho angalau kiliwapa watu mada ya kubishania kwenye matatu. Changu kilikuwa na jina la herufi zilizomwagwa ovyo, hakina chama, hakina anwani.

Ujanja wake lakini lazima niusifu. Zamani kirusi cha flashi kilikuwa kinajiendesha chenyewe mara tu flashi inapochomekwa. Mwaka 2011 Microsoft wakaufunga mlango huo hata kwenye Windows za zamani. Watengeneza virusi wakakaa wakafikiri, wakaona kwamba kama mashine imekataa kubonyeza, basi atabonyeza mwenye mashine. Kirusi kinaificha folda yako, mahali pake kinaweka shotikati yenye jina lile lile na sura ile ile, isipokuwa kale kamshale. Ukibonyeza, shotikati inafanya mambo mawili kwa pamoja: inakiamsha kirusi, kisha inakufungulia folda yako halisi ili usishtuke. Unaona mafaili yako yapo, unaendelea na kazi, huku umeshamkaribisha mgeni ndani kwa mkono wako. Ile siku ya kikao orodha iligoma kwa sababu antivairasi ya zamani ilikuwa imefuta skripti na kuiacha shotikati, kwa hiyo mlango ulibaki bila nyumba. Ndugu wa karibu wa kirusi hiki, anayeitwa Jenxcus, aliwachosha Microsoft mpaka Juni 2014 wakaenda mahakamani Marekani kuyakamata majina ya mtandao aliyoyatumia kupokelea amri. Katika kamata kamata hiyo watu wengi wasiohusika nao wakajikuta wamekatiwa huduma zao. Nilipolisoma hilo nilimsamehe fundi wangu kidogo.

Wala si sisi tu wa barazani. Agosti 2008 shirika la anga la Marekani, NASA, lilikiri kwamba kirusi kimekutwa kwenye kompyuta za kituo cha anga za juu, tena kirusi cha kuibia nywila za michezo ya mtandaoni, kimepanda mpaka kule ambako hakuna hata mtu wa kucheza naye. Na mwaka 2023 wataalamu wa kampuni ya Mandiant walieleza jinsi majasusi wa mtandao wanavyozirudia flashi kuingia kwenye ofisi, wakazitaja nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo. Majasusi wa dunia wamegundua kitu ambacho kamati zote za harusi zinakijua: huku kwetu faili linatembea kwa miguu, na linapokewa vizuri kila linapofika.

Ukombozi ulikuja na mpwa wangu, mtoto wa dada, anayesomea mambo ya kompyuta katika Kampasi ya Solomon Mahlangu kule Mazimbu. Sisi Waluguru ukoo wetu unakwenda kwa mama, kwa hiyo mpwa akiingia nyumbani kwa mjomba wake haingii kama mgeni, anaingia kukagua. Akaniamkia, akakaa kwenye kiti changu.

"Mjomba, kwanza mtu asichomeke kitu chochote."

Akafuta kirusi kwenye flashi mbele ya macho yetu. "Sasa angalieni." Kabla hatujamaliza kupumua kilikuwa kimerudi mahali pake, safi, kana kwamba kilikwenda kunawa tu. Kumbe kosa la watu wote ni kukimbizana nacho kwenye flashi, wakati chenyewe kimekaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta kinailinda nakala yake, ukiifuta kinaiandika upya. Akafungua orodha ya programu zinazofanya kazi, akashusha kidole mpaka kwenye wscript.exe. Huyo ni mfanyakazi halali wa Windows, kazi yake kuendesha skripti. Tatizo lake ni kumtii kila anayemtuma. Akamsimamisha. Akaingia kwenye folda ya vitu vinavyoamka na kompyuta, akakitoa kirusi humo. Akakitoa na kwenye folda iliyofichwa ambako kilijiwekea akiba. Akakitoa na kwenye rejista ya Windows, ambako kilikuwa kimejiandikisha kama mkazi. Ndipo akarudi kwenye flashi, akafungua lile dirisha jeusi, akaandika attrib, akafuatisha vistari na herufi h, r, s, halafu mikwaju na herufi nyingine. Mke wangu alikuwa ananakili pembeni nyuma ya bahasha. Akauliza, "Hii ni dawa au ni jina la dawa?"

Mpwa akabonyeza Enter. Folda ya SENDOFU ikatokea, halafu ya vikao, halafu ya picha za posa. Hazikuwa zimefutwa hata moja. Kirusi cha aina hii hakina haja na mali yako. Kinaibandika tu alama ya kusema "hii imefichwa, hii ni ya mfumo," na Windows, kwa utiifu wake, inaacha kukuonyesha. Orodha nzima ilikuwepo siku zote hizo, umbali wa mstari mmoja wa maandishi, wekundu na wote.

Kikao kilichofuata nilisoma majina polepole, kwa sauti ya kusoma matokeo ya mtihani. Bwana wa laki mbili aliinua kidole. "Enhe, sasa imenijia." Wa kreti nne akasema kreti zipo, na viti atapanga vile vile. Mke wangu alikuwa ameshachapa nakala za karatasi, moja kwa mhazini, moja kwa mwenyekiti, moja ukutani. Mjumbe mmoja, kwa moyo mweupe kabisa, akatoa hoja kwamba kwa mvua hizi za Morogoro karatasi ni hatari, ni bora orodha irudi kwenye flashi.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Baada ya muda kamshale kalirudi. Mpwa akaja, akasafisha, akaondoka, kakarudi. Akaanza kuandika tarehe zinazoonekana kwenye shotikati. Alikuwa nazo kwenye karatasi mezani, anazitazama kwa kukunja uso, mke wangu alipopita na sufuria akachungulia. "Hiyo tulipika njegere," akasema akionyesha tarehe ya kwanza. Akaenda ya pili. "Na hiyo. Na hiyo tulikula viazi na kabichi."

Tukanyamaza wote. Njegere, viazi na kabichi katika nyumba yetu vina chanzo kimoja.

Mama mkwe wangu anakaa Mgeta, juu huko karibu na Nyandira, ambako mtu wa Kihonda akifika anaazima sweta kabla ya kusalimia. Kwa ajili ya sendofu ya binti yake alikuwa anashuka mara kwa mara na magari ya mboga, Langali, Sangasanga, barabara ya Iringa, mpaka mlangoni kwetu na viroba. Shingoni, kwenye kamba moja na ufunguo wa stoo, ana flashi nyekundu. Ni ya nyimbo za kwaya. Nyandira siku ya gulio kuna kijana mwenye kompyuta mpakato na sola, anakujazia nyimbo kwa elfu moja, na foleni yake ni ya tarafa nzima. Mama akifika kwetu, flashi inakwenda kwanza kwenye sabufa. Jioni anamwita mjukuu wake: "Baba, niongezee ule wimbo mpya." Mjukuu anachomeka kwenye kompyuta. Kirusi kinashuka mlima na kabichi, kinapanda na sukari na mafuta ya taa. Kile cha NASA kilisafiri mara moja. Hiki kilikuwa na ruti.

Sasa nani amwambie? Mimi mkwe, ambaye mbele yake hata ugali nameza kwa adabu, nisimame niseme mama, kitu chako kina ugonjwa, tena ndicho kilichotaka kuvuruga sendofu ya mwanao? Nikamtazama mke wangu. Akasema, "Kompyuta ni yako." Nikasema, "Mama ni wako." Mpwa akasema ana kipindi Mazimbu. Akatumwa mjukuu, kwa kuwa bibi na mjukuu ni watani na mtani hana kesi.

"Bibi, flashi yako inaumwa."

"Inaumwa?" Bibi akaivua shingoni, akaitazama pande zote, akaichomeka kwenye sabufa. Kwaya ikapasuka sebuleni, sauti zote nne, hakuna hata kikohozi. Akatugeukia. "Mbona inaimba?"

Mpwa, ambaye kipindi kilikuwa kimeahirishwa ghafla, akajitahidi kueleza kwamba sabufa haina Windows, kwa hiyo kirusi hakiwezi kuamka humo, kimelala tu. Na kwamba nyimbo zimefichwa, lakini sabufa haijali alama ya kufichwa, inaimba kila inachokikuta. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sabufa ina akili kuliko kompyuta yenu."

Hakuna aliyepata jibu, na mpaka leo sijalipata. Tuliamua kuitibu flashi usiku. Mpwa ana kompyuta mpakato isiyotumia Windows bali Linux, ambamo kirusi hiki kikifika kinakuwa maandishi tu, hakina wa kumtuma. Siku hizi hiyo ndiyo kituo cha afya cha flashi zote zinazoingia nyumbani kwetu. Mwenye flashi anapewa chai, flashi inapita chumba cha pili, hakuna anayeulizwa swali. Bibi alipolala na flashi ikabaki kwenye sabufa, mpwa aliichomoa, akafuta skripti na shotikati zake, akaondoa alama za kuficha. Zikajitokeza folda. Kwaya. Misa. Maombolezo. Halafu ikajitokeza moja inaitwa MCHANGANYIKO, kubwa kuliko zote tatu zikijumlishwa.

Ilikuwa singeli. Singeli ya Dar es Salaam, ile ya kasi, ambayo ukiisikia unadhani redio imebonyezwa kwa makosa. Nikakumbuka kwamba mama akiwa kwetu huamka alfajiri kabla ya wote, huibeba sabufa mpaka jikoni, hupunguza sauti na kufunga mlango, na kwamba sisi siku zote tulisema mama anasali.

Asubuhi alikuwa anakoroga uji. Mpwa akamwamkia, akampa flashi kwa mikono miwili.

"Bibi, imepona. Ila tumekuta na nyimbo nyingine humo, si za kwaya. Tulidhani zimeletwa na kirusi."

Bibi hakugeuka. "Hizo kijana wa Nyandira alizitia kwa makosa."

"Basi nizifute?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Ziache," akasema. "Mali ya watu haifutwi mwenyewe hajaambiwa. Nikipanda nitamwuliza."